Ufizi Usiopona: Kuufuata Uvimbe Hadi Kwenye Mishipa ya Limfu

Mtu aliyekulia Pemba na kumwona jirani mwenye matende hahitaji kufundishwa sana kazi ya mishipa ya limfu, kwa sababu ameshaiona kazi hiyo pale ilipoharibika. Minyoo myembamba inayoenezwa na mbu huingia katika mishipa ya limfu ya mguu au ya korodani, mishipa hutanuka na kupoteza nguvu ya kusukuma, na maji yaliyopaswa kurudi kwenye damu hubaki palepale mwaka baada ya mwaka. Ndiyo sababu kuanzia mwaka 2001 watu wa Unguja na Pemba waligawiwa dawa za minyoo, ivermektini na albendazoli, kila mwaka kwa miaka kadhaa, na ndiyo sababu mwenye matende huambiwa aoshe mguu kwa maji na sabuni kila siku. Mshipa ulioharibika haurudi kuwa mpya, lakini bakteria wakizuiwa kuingia kwenye ngozi, mshipa huo mnyonge hupunguziwa mzigo na mguu hupata nafuu.

Mishipa ya namna hiyohiyo, midogo kuliko uzi wa kushonea, imo ndani ya ufizi, na inahusika moja kwa moja na swali ambalo wagonjwa hutuuliza karibu kila siku katika kliniki ya meno: kwa nini kidonda cha kinywani hakiponi, au kwa nini kilianza kupona kisha kikavimba upya? Mwongozo huu ni kwa aliyeng'olewa jino, aliyesafishwa ugaga (uchafu uliokauka na kuwa mgumu kwenye meno) au aliyepasuliwa ufizi, na pia kwa anayemuuguza nyumbani. Nimeupanga kwa kufuata dalili anazoziona mgonjwa mwenyewe.

Namna limfu inavyotoka kwenye ufizi

Damu inapopita katika mishipa midogo kabisa ya ufizi, sehemu ya maji yake na ya protini zake huvuja na kuzilowesha seli. Maji hayo hayawezi kuachwa yajikusanye, na protini zilizovuja haziwezi kurudi kwa njia zilikotokea, kwa hiyo mshipa wa limfu ndio njia yake ya kutokea. Mshipa huu huanza kama kijifuko kilichofungwa upande mmoja, na ukuta wake ni safu moja tu ya seli ambazo kingo zake zimelaliana kama makuti ya paa. Nyuzi nyembamba huzishikiza kingo hizo kwenye nyama ya ufizi. Nyama ikijaa maji, nyuzi huvutika, kingo hufunguka na maji huingia, na yakitaka kurudi nyuma, kingo hujifunga zenyewe. Mbele kidogo mshipa huwa na vali na misuli laini inayobana kwa zamu, lakini hakuna moyo unaoisukuma limfu kama unavyoisukuma damu, kwa hiyo kumeza, kuzungumza na kugeuza shingo vyote huisaidia isonge. Kwa mwili mzima, limfu inayorudishwa kwenye damu kwa siku hufikia kiasi cha lita 3.

Pamoja na maji husafiri mabaki ya bakteria, seli zilizokufa, na seli za kinga zilizobeba vipande vya adui ili kuvionyesha kwenye tezi. Ufizi wa meno ya mbele ya chini hupeleka limfu yake kwenye tezi zilizo chini ya kidevu. Sehemu kubwa ya ufizi uliobaki upande wa shavuni huipeleka kwenye tezi zilizo chini ya taya. Upande wa kaakaa na nyuma ya gego la mwisho huipeleka zaidi kwenye tezi za shingo zilizo karibu na pembe ya taya. Njia zote hukutana kwenye tezi za ndani ya shingo, kisha limfu humwagika katika vena kubwa nyuma ya mtulinga. Ramani hii fupi inafaa kukumbukwa, maana itatusaidia chini. Tumezungumzia ufizi tu. Kama ndani ya jino lenyewe kuna mishipa ya limfu au hapana, wataalamu wamebishana juu yake kwa miaka mingi, na ubishi huo hauibadilishi tiba ya ufizi.

Sasa daktari akikata ufizi au akiling'oa jino, hukata pia mishipa hii. Mishipa ya damu huwahi kuchipua upya, na mishipa ya limfu huifuata kwa nyuma, ikichipuka kutoka kwenye ncha za ile ya zamani kwa kuitwa na protini iitwayo VEGF-C, ambayo sehemu yake hutolewa na seli za kinga zinazokula uchafu wa jeraha. Kwa siku chache, basi, kidonda kina mabomba mengi ya kuingiza maji na mifereji michache ya kuyatoa. Uchelewaji huo ni wa kawaida. Hatari huja pale ambapo uchafu unaendelea kuzalishwa kwa kasi kuliko unavyoondolewa, kwa sababu uvimbe unaodumu huharibu nyuzi zinazoshikilia jino na hatimaye mfupa. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bergen, Norway, walitoa matokeo ya jaribio la panya ambao kwa maumbile yao hawana mishipa ya limfu ya mwanzo ndani ya ufizi. Walipoambukizwa bakteria wa Porphyromonas gingivalis, panya hao walipoteza mfupa wa taya mwingi zaidi kuliko panya wa kawaida. Panya si mtu, lakini matokeo hayo yanakubaliana na tunayoyaona vitini petu: ufizi uliobaki umevimba kwa muda mrefu hausimami salama, hata kama hauumi.

Kabla ya kuingia katika dalili, niseme msimamo wangu ili msomaji ajue ninakoelekea. Uani kukijaa maji wakati wa masika, mwenye nyumba hujiuliza mambo mawili, yaani mtaro umeziba au mvua bado inanyesha. Katika ufizi mvua ndiyo sababu mara nyingi mno, na mtaro mzima unazidiwa tu. Watu wengi hushughulika na mtaro kwa kukanda, kuchua na kupaka, huku chanzo cha maji kikiwa ni kipande cha mzizi kilichobaki, ugaga chini ya ufizi, au sukari ya damu isiyopimwa.

Shavu limevimba siku ya pili au ya tatu baada ya kung'oa jino

Bibi mmoja wa upande wa Konde alirudi kwetu asubuhi ya siku ya pili akiwa amejifunga kanga kuanzia kidevuni hadi utosini. Aliitikia shikamoo yangu kwa shida, akasema, "Marahaba, mjukuu wangu. Jana nimelala na shavu langu, leo nimeamka na la mtu mwingine." Nilimuuliza alilalia mito mingapi. "Mito? Mie nalala mkekani, baba." Shavu lilikuwa laini, ngozi haijawamba wala haina joto, mdomo unafunguka upana wa vidole vitatu, na hakuwa na homa. Alichokihitaji ni kuelezwa, na mto wa kuazima.

Uvimbe wa namna hii hufika kileleni kati ya saa 48 na 72 baada ya kung'oa, hasa kama jino lilikuwa gego la mwisho au mfupa ulichongwa. Sababu ni ile tuliyoieleza: mishipa ya damu inavuja kwa makusudi ili kuleta seli za kinga, na mishipa ya limfu iliyokatwa bado haijaunganika. Asubuhi uvimbe huonekana mkubwa zaidi kwa kuwa mgonjwa amelala bapa usiku kucha, na uzito wa maji haukusaidia kitu kuyashusha shingoni. Mgonjwa alale kichwa kikiwa juu, akiwa na mito miwili au zaidi, kwa siku tatu za mwanzo. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa huwekwa shavuni siku ya kwanza tu, dakika kama 15 kisha ipumzishwe. Kuanzia siku ya pili asukutue taratibu kwa glasi ya maji ya vuguvugu yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi, hasa baada ya kula. Anayefunga Ramadhani apange kusukutua baada ya futari na baada ya daku, na dawa alizopewa aulize mapema namna ya kuzigawa katika saa za usiku, badala ya kuziacha mpaka sikukuu.

Jambo la kukataza kwa nguvu ni kulikanda shavu kwa maji ya moto. Najua mkandaji ana heshima yake kwetu, na kwa mguu ulioteguka sina ugomvi naye. Shavu lenye maambukizi ni jambo jingine, kwa kuwa joto la nje huzidisha damu inayoingia, na kama usaha umeanza kujikusanya, unaweza kuuvuta utafute njia ya kutokea kwenye ngozi na kuacha kovu usoni. Kuchua kwa nguvu nako husukuma maambukizi kwenye nafasi za jirani ambazo hayakuwa yamefika.

Uvimbe ukianza kupungua siku ya nne, hata kwa kidogo, mambo yanakwenda vizuri. Ukizidi baada ya siku ya tatu, ukiwa mgumu kwa kushikwa, ukapwita, mdomo ukawa haufunguki au homa ikapanda, hilo ni ambukizo na mgonjwa anapaswa kurudi siku hiyohiyo.

Kuna mtoki chini ya taya

Mtoki wa shingoni huwatia watu hofu kuliko ulivyo. Tezi huvimba kwa sababu limfu iliyotoka kwenye ufizi imeleta mzigo, na seli za kinga zinaongezeka humo ili kuukabili, kwa hiyo mtoki wenye maumivu kidogo, laini na unaoteleza chini ya vidole ni dalili kwamba kazi inafanyika. Kuupima ni rahisi: inamisha kichwa kidogo ili ngozi ya shingo ilegee, ingiza ncha za vidole viwili chini ya ukingo wa taya, kisha vivute kuelekea nje kana kwamba unakwangua kitu kwenye mfupa. Tezi ya kawaida hupapasika kwa shida, au huwa kama choroko; iliyoitikia maambukizi inaweza kufikia ukubwa wa kunazi.

Hapa ndipo ile ramani inapofaa. Mtoki ulio chini ya kidevu humfanya daktari atazame meno ya mbele ya chini, mdomo wa chini na ncha ya ulimi. Ulio katikati ya taya humpeleka kwenye magego na ufizi wa shavuni, na ulio kwenye pembe ya taya humfanya aangalie gego la mwisho pamoja na tonsili. Mara nyingi mgonjwa huonyesha jino lenye tundu kubwa jeusi kwamba ndilo linalomsumbua, kumbe tezi iliyovimba iko upande mwingine kabisa, na ukifuata upande huo unakuta mzizi uliovunjikia ndani ambao ufizi umeufunika.

Chanzo kikiondolewa, mtoki hupungua polepole kuliko maumivu, na wiki mbili au tatu si muda wa ajabu. Usiutumbue, usiuchanje chale, usiupake dawa ya moto, na usiuminye kila saa kutazama kama umepungua, kwa sababu kuuminya tu kunatosha kuutia maumivu. Mtoki unaotaka uchunguzi wa hospitali ni ule ambao hauna chanzo kinywani, uliozidi wiki tatu bila kupungua, mgumu kama jiwe, ulioshikamana na nyama ya chini, au unaoandamana na kupungua uzito, kutokwa jasho usiku na kikohozi kisichoisha. Kifua kikuu cha tezi hujitokeza shingoni kwa namna hiyo, na saratani za kinywa nazo hupitia njia hizohizo za limfu. Mtafunaji wa tambuu wa miaka mingi mwenye mtoki mgumu usiouma asisubiri hata hizo wiki tatu.

Maumivu makali, lakini shavu halikuvimba

Dalili hii naileta hapa kwa sababu watu huichanganya na ambukizo, ilhali mishipa ya limfu haina lawama yoyote. Siku ya tatu au ya nne baada ya kung'oa, maumivu yaliyokuwa yameshatulia hurudi kwa ukali, hupanda hadi sikioni, na pumzi hunuka. Ukitazama kwenye tundu, donge la damu halipo, na mfupa unaonekana mkavu na wa kijivu. Tunaliita tundu kavu. Damu iliyoganda imeyeyuka mapema au imetolewa, pengine kwa kuvuta sigara, pengine kwa kusukutua kwa fujo siku ile ya kwanza, pengine kwa mrija wa soda. Bila donge hilo hakuna kitanda ambacho mishipa mipya, ya damu au ya limfu, ingechipukia.

Antibayotiki haitibu tundu kavu. Daktari huliosha na kuweka dawa ya kutuliza, ambayo mara nyingi huwa na eujenoli, yaani kiini kilekile cha mafuta ya karafuu. Na hapa ndipo wenyeji wa kisiwa cha karafuu tunapojidanganya. Eujenoli ya daktari hutiwa kwa kipimo na huwekwa ndani ya tundu la mfupa, au huchanganywa na oksidi ya zinki ili kuwa saruji. Mafuta mabichi ya makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, yaliyolowekwa kwenye pamba na kubandikwa ufizini huunguza. Msimu mmoja wa uchumaji kijana alikuja kwetu akiwa na ufizi mweupe kama ngozi iliyokaa majini mchana kutwa. Nilipougusa kwa pamba, utando ule ulibanduka na kuacha kidonda kibichi chenye ukubwa wa ukucha. Jino lilikuwa limetulia kwa ganzi ya karafuu, na kidonda kipya kilimchukua zaidi ya wiki moja kupona. Punje moja ya karafuu iliyoshikwa kati ya meno kwa dakika chache haina madhara makubwa. Chupa ya mafuta iachwe ibaki jikoni.

Ufizi bado unatoa damu wiki kadhaa baada ya kusafishwa

Baada ya ugaga kuondolewa vizuri, damu inapaswa kupungua ndani ya wiki moja hadi mbili, na ufizi uanze kubadilika kutoka wekundu wa kung'aa hadi rangi yake, ambayo kwa wengi wetu ni kahawia yenye madoa meusi, na si ile ya pinki ya mabango ya dawa za meno. Daktari hupima kwa kijiti chenye alama za milimita: mfuko wa ufizi, yaani nafasi iliyo kati ya ufizi na jino, wenye kina cha milimita 1 hadi 3 bila damu ni mzima, na kuanzia 4 kwenda juu panahitaji kufuatiliwa.

Usipoona mabadiliko hayo, anza na sababu ya kawaida kabisa. Ugaga umebaki chini ya ufizi, mahali ambapo jicho halifiki, au ukoga mpya, yaani utando laini wa bakteria, unajijenga kila siku kwa kuwa mgonjwa, akiogopa damu, ameacha kupiga mswaki mahali panapotoka damu. Ni kosa la kueleweka, na matokeo yake ni kinyume, kwa kuwa bakteria walioachwa hapo ndio mvua yenyewe. Mswaki wa mti unafaa kama nyuzi zake zimetafunwa zikalainika na mtu anafika nyuma ya magego. Wengi huishia kwenye meno ya mbele yanayoonekana wakati wa kucheka.

Kama usafi unaridhisha na damu haikomi, pima sukari. Kisukari kisichodhibitiwa hudhoofisha seli nyeupe za damu, na majaribio ya wanyama yameonyesha kuwa hata kuta za mishipa ya limfu huanza kuvuja, hivyo kile kilichokusanywa hurudi tena kwenye nyama. Nimeona watu walioanzia kwetu kwa ufizi usiopona na kupelekwa kliniki ya kisukari wakiwa hawana habari kwamba ni wagonjwa. Mama mjamzito naye anaweza kuvimba ufizi kwa sababu ya homoni, kuanzia mwezi wa pili na kuendelea, na hilo hutulia baada ya kujifungua ikiwa anasafishwa meno. Hana sababu ya kuogopa kuja kliniki, ila asijinunulie dukani dawa ya maumivu ya diklofenaki.

Halafu kuna ufizi unaokua. Mgonjwa hasemi kwamba unauma, husema kwamba meno yamekuwa mafupi. Dawa za shinikizo la damu kama nifedipini na amlodipini, na fenitoini ya kifafa, zinaweza kuufanya ufizi unenepe kwa nyuzi, na nyama hiyo ikishakuwa ngumu hainywei wala haipungui kwa kusukutua maji ya chumvi. Asiache dawa kwa uamuzi wake. Amwambie aliyemwandikia, kwani mara nyingi ipo nyingine ya kubadilishia, na ukoga ukidhibitiwa ukuaji hupungua.

Mvutaji wa sigara hudanganywa na ufizi wake. Nikotini hubana mishipa ya damu, damu haionekani kwenye mswaki, naye hudhani yuko salama huku mfupa ukiliwa. Popoo iliyo ndani ya tambuu ina tabia nyingine: huifanya nyama ya ndani ya shavu ikauke na kukakamaa mpaka mdomo usifunguke vizuri, na nyama iliyokakamaa hivyo hupona kwa taabu baada ya mkato wowote. Kwa hao wawili, daktari akisema "acha walau wiki mbili kabla na baada", hatoi mawaidha, anaomba nafasi ya kidonda kufunga.

Kijipu kinapasuka, kinapona, kinarudi

Kinapotokea kijivimbe juu ya ufizi mahali palepale, kikapasuka na kutoa usaha wenye chumvi mdomoni, kikapotea wiki mbili na kurejea, hiyo ni njia ya kutokea usaha wa ncha ya mzizi. Mishipa ya limfu imeshindwa kuumudu wingi wa usaha, na mwili umejichimbia mfereji wake. Maumivu hupungua kila kinapopasuka, na hapo ndipo mgonjwa huamini kuwa amepona.

Vidonge viwili vitatu vya amoksilini vya duka la dawa haviwezi kulimaliza tatizo hili, hata kama vingekuwa kumi, kwa sababu ndani ya jino lililokufa hamna damu ya kuipeleka dawa. Jino litibiwe mzizi au ling'olewe. Kama lilishang'olewa na kijipu kinarudi, omba picha ya eksirei, maana huenda kipande cha mzizi kimebaki. Hakuna aibu katika hilo kwa aliyeng'oa. Mizizi ya magego ya juu huvunjika kama fimbo kavu, nami nimewahi kuiacha. Kosa ni kumpa mgonjwa antibayotiki kwa mara ya tatu bila kumpiga picha.

Uvimbe wa uso usiouma, baada ya mionzi au upasuaji wa shingo

Huyu ndiye mgonjwa ambaye mtaro wake umeharibika kweli. Aliyetibiwa saratani ya kinywa au koo kwa kuondolewa tezi za shingo, au kwa mionzi, anaweza kubaki na kidevu na shavu lililojaa, zito zaidi asubuhi, na ambalo ukilibonyeza kwa kidole linaacha shimo kwa muda. Hapa kuchua kuna nafasi yake, lakini ni kuchua kwa mkono mwepesi, kama anayepangusa vumbi kwenye karatasi, kukianzia shingoni na kifuani ili kuandaa njia kabla ya kushuka kutoka usoni, na kufanywe na mtaalamu wa fiziotherapia aliyefundishwa. Muhimu zaidi kwetu wa meno ni kwamba mtu huyu asing'olewe jino popote bila kusema kuwa alipigwa mionzi, hata kama imepita miaka mingi. Mfupa wa taya uliopigwa mionzi unaweza kukataa kupona kabisa.

Dalili ambazo hazingoji asubuhi

Mizizi ya gego la pili na la tatu la chini huishia chini ya msuli unaoshikilia sakafu ya kinywa, kwa hiyo usaha wake unaweza kumwagikia moja kwa moja kwenye nafasi ya chini ya taya na kuenea pande zote mbili kwa haraka kuliko tezi zinavyoweza kuuzuia. Hali hii ilielezwa na daktari Mjerumani Wilhelm Friedrich von Ludwig mwaka 1836, na inaua kwa kuziba njia ya hewa. Chini ya kidevu huwa pagumu kama ubao upande wa kulia na wa kushoto, ulimi huinuliwa juu, mgonjwa hudondosha mate kwa kuwa hawezi kuyameza, sauti huwa kama ya mtu aliye na kitu cha moto mdomoni, na hukataa kulala kwa sababu akilala anakosa pumzi. Kwa meno ya juu, dalili inayolingana na hiyo ni uvimbe unaofunga jicho, pamoja na kichwa kuuma sana au kuona vitu viwiliviwili.

Mtu wa namna hii asipewe kidonge akaambiwa angojee boti ya asubuhi kwenda Unguja. Apelekwe usiku huohuo kwenye hospitali ya karibu kisiwani, akiwa ameketi wima, asilazwe chali garini. Anayemsindikiza aandike kwenye karatasi jino gani, lilianza kuuma lini, uvimbe ulianzia upande gani, na dawa gani ameshameza saa ngapi, kwa sababu wakifika mgonjwa mwenyewe huenda asiweze tena kusema.